Maji Maangavu si Maji Mazima: Chujio la Kidimbwi cha Nyumbani



 Wiki hii twalijibu swali la dada yetu mmoja mwenye kidimbwi kidogo uani kwake, chenye samaki wa mapambo ambao watoto huwalisha kila jioni. Asema kwamba maji hugeuka kijani kabla ya wiki mbili kutimia. Hapo huyamwaga yote, husugua kuta kwa brashi na sabuni, hujaza maji mapya ya mfereji yakawa maangavu kama kioo, na kufikia siku ya tatu samaki wawili watatu huwa wameelea. Auliza kama maji yake yana kasoro, au kama yeye hana mkono wa kufuga.

Jawabu letu, dada, ni kwamba mkono wako ni mzuri na maji yako hayana kasoro kubwa. Kinachowaua samaki ni huo usafishaji wenyewe. Na kwa kuwa tunajua vidimbwi vya namna hii vimekuwa vingi katika nyua zetu, tumeona ni bora tueleze kwa urefu kidogo namna ya kutengeneza chujio la nyumbani, na zaidi ya hayo, tueleze chujio hilo hufanya kazi gani hasa. Asiyeijua kazi yake hulijenga leo akaliua kesho.

Kufuga samaki ndani ya maji ya nyumbani si jambo geni kwetu. Katika majumba ya kale ya Lamu, birika la chooni liliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mafundi wa zamani walijengea bakuli la kauri ya Uchina katika sakafu ya birika, ili maji yakipungua au birika likisafishwa, samaki wabakie na mahali pa kukimbilia. Tazameni hekima iliyomo. Wazee hawakuondoa kila tone. Samaki walikuwa wachache, birika lilikuwa kivulini, wala hapakuwa na mtoto wa kuwamwagia makombo ya mkate. Kidimbwi cha leo kiko juani, samaki ni wengi, na chakula hutiwa kila siku. Mzigo wake ni mkubwa kuliko wa birika, na ndiyo maana chahitaji msaada.

Mzigo wenyewe ni huu. Samaki akila, hutoa taka iitwayo amonia, nyingi kupitia mashavuni mwake anapopumua, na nyingine hutoka katika kinyesi na chakula kilichooza. Amonia haina rangi majini. Maji yaweza kuwa maangavu hata uione sarafu iliyolala chini, ilhali samaki anaungua mashavu. Na sisi wa pwani tuna jambo la ziada la kuzingatia. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake huwa na chokaa nyingi. Katika maji ya namna hiyo, tena yenye joto, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu. Isitoshe, maji ya joto hubeba hewa kidogo: kwa nyuzi 20 lita moja yaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, na kwa nyuzi 30 hushuka hadi 7 na nusu. Kwa hiyo kosa ambalo mwenye kidimbwi wa nchi ya baridi huenda akasamehewa, hapa kwetu samaki hulilipia upesi.

Mwenyezi Mungu ameumba viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho, yaani bakteria, ambao riziki yao ni hiyo hiyo amonia. Kundi la kwanza huila na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki isibebe hewa. Kundi la pili huila nitriti na kuigeuza kuwa nitreti, ambayo kwa kiasi cha kawaida haina madhara makubwa, na mimea huipenda kama mbolea. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hujishikiza juu ya mawe, kuta, mizizi na kila kitu chenye uso, wakafanya utando mwembamba unaoteleza ukiugusa.

Sasa, dada yetu, nadhani waona mambo yalivyokuwa. Utando ule uliousugua kwa brashi ulidhani ni uchafu, kumbe ndio uliokuwa ukiwalinda samaki. Sabuni iliwaua waliosalia, na klorini ya maji ya mfereji ikamaliza. Samaki wakarudishwa katika maji maangavu yasiyo na mlinzi hata mmoja. Siku ya kwanza hapana neno. Siku ya pili taka zimeanza kujikusanya. Siku ya tatu ndiyo hiyo uliyotuandikia.

Basi chujio ni nini? Wengi hudhani ni kama kung'uto la tui, chombo cha kuzuia machicha yasipite. Kazi hiyo lafanya, lakini ni ndogo. Kazi yake kubwa ni kuwa nyumba ya bakteria hawa: mahali penye nyuso nyingi, pa giza, panapopitiwa na maji yenye hewa mchana na usiku. Tukilifahamu hilo, kila hatua ya ujenzi hujieleza.

Tuanze na vipimo. Chukua urefu, upana na kina cha kidimbwi kwa mita, uvizidishe, kisha zidisha kwa 1000 upate lita. Kidimbwi cha mita 2 kwa mita 1, chenye kina cha nusu mita, kina lita 1000. Chombo cha chujio kiwe takriban sehemu moja ya kumi ya hiyo, yaani pipa la lita 100. Pampu iweze kuyazungusha maji yote ya kidimbwi mara moja kwa saa moja, au kwa uchache mara moja kwa saa mbili. Tahadharini na namba iliyoandikwa juu ya boksi: hiyo ni nguvu ya pampu isipopandisha maji popote. Ikilazimika kuyapandisha mita moja, pampu ndogo iliyoandikwa lita 2000 kwa saa huenda ikatoa nusu tu. Kuhusu stima, pampu ya wati 30 ikizunguka bila kusimama hula uniti 22 hivi kwa mwezi. Ni vyema kulijua hilo kabla ya kununua, ili lisije likawa ugomvi wa nyumbani.

Pipa liwe la plastiki lililokuwa na chakula, mfano wa mafuta ya kupikia au achari. Lililokuwa na dawa ya wadudu au kemikali yoyote lisiguswe, hata likioshwa mara saba. Pipa likijaa maji huwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, kwa hiyo lisimamishwe juu ya matofali yaliyotulia sawasawa, kando ya kidimbwi, na mdomo wa kutolea maji uwe juu kuliko maji ya kidimbwi. Pampu nayo iwekwe upande wa pili wa kidimbwi, ili maji yazunguke kote pasibaki pembe iliyolala.

Ujenzi wenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Kwanza toboa tundu karibu na sakafu ya pipa na utie koki. Hapa ndipo tope litakapotolewa. Pili, bomba la kuingizia maji, la robo tatu inchi, lishuke kutoka juu katikati ya pipa hadi karibu na chini, na mwishoni litiwe kiungo cha kona ambacho mafundi hukiita elbo. Kwa kona hiyo maji huzunguka polepole chini ya pipa, na mchanga na kinyesi huanguka vyenyewe. Tatu, acha nafasi tupu ya shibiri moja na nusu chini, kisha weka kichanja cha plastiki; kipande cha kreti ya soda iliyokatwa kwafaa sana. Nne, toboa tundu la kutolea maji, vidole vinne chini ya ukingo wa juu, na bomba lake liwe pana, la inchi mbili. Maji ya kuingia yasukumwa na pampu, ya kutoka hayasukumwi na kitu ila uzito wake. Bomba likiwa jembamba pipa litafurika, na kidimbwi kitakauka usiku mmoja hali nyinyi mmelala. Viungo vyote vizibwe kwa mpira na gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, na iachwe ikauke vizuri. Kabla ya kuweka chochote ndani, jazeni pipa, liacheni usiku kucha, na asubuhi mtazame kama lavuja.

Maji, basi, yatapanda kutoka chini kwenda juu, na vitu vya ndani vipangwe kwa mpango huo. Juu ya kichanja tia nyavu kuukuu za nailoni. Hizi mwazipata kwa wavuvi bila shida. Zioshwe chumvi, zikunjwe kunjwe bila kukandamizwa. Wavu mmoja uliochakaa una nyuzi nyingi mno, na kila uzi ni makao. Juu ya nyavu weka vipande vya vigae vya udongo au vifuniko vya chupa za plastiki, vikiwa ndani ya mifuko ile ya wavu inayouziwa vitunguu, ili siku ya kusafisha vitoke kwa urahisi. Juu kabisa weka sponji, nayo ikamate vumbi la mwisho. Maji yakitoka, yaanguke kutoka kimo cha shibiri moja juu ya mawe kabla ya kuingia kidimbwini. Mchururiko huo hupendeza masikio, na pia huyatia maji hewa.

Kuna vitu ambavyo wengi huvitia kwa nia njema navyo havifai. Matumbawe na makombe huongeza chokaa katika maji ambayo tayari yana chokaa ya kutosha. Makumbi mabichi ya nazi huoza, hula hewa na kuyapaka maji rangi ya chai. Shaba na mabati ya zinki hutoa sumu ya samaki. Mkaa huvuta harufu na rangi kwa muda mfupi, kisha hushiba, na baada ya hapo huwa ni jiwe tu kama mawe mengine.

Chujio likisha kuwashwa, hapo ndipo subira yahitajika. Siku ya kwanza pipa ni nyumba isiyo na wakazi. Bakteria huhitaji wiki 4 hadi 6 kujaa. Katika muda huo tieni samaki wachache, wanne au watano wadogo, wala msiongeze hata watoto wakilia. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Kila wiki toeni sehemu moja ya tano ya maji na kurudisha mengine. Mkiwa na jirani mwenye kidimbwi chenye afya na samaki wasiougua, mwombeni kipande cha sponji chafu kutoka chujio lake. Kipande hicho ni hamira: kitieni ndani ya pipa na kazi itakwenda haraka.

Maji ya mfereji yakae kwanza ndani ya chombo kilicho wazi kwa siku moja au mbili, klorini ipungue, ndipo yatiwe. Mchuruziko wa moja kwa moja kutoka mferejini uacheni, hata kama ni wa kujazia kidogo kilichokauka kwa jua.

Kusafisha nako kuna adabu yake. Kila wiki fungueni koki, tope la chini litoke hadi maji yaanze kung'aa, basi. Nyavu na sponji zisioshwe mpaka maji yaanze kupita kwa shida. Na siku hiyo ikifika, zisuuzeni ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kidimbwini, si ya mfereji, na msioshe zote kwa mara moja. Nusu leo, nusu baada ya wiki mbili. Sabuni isikaribie kabisa. Kuta za kidimbwi ziacheni na utando wake.

Na stima ikikatika? Ikiwa ni saa moja, hapana neno. Lakini ikipotea usiku mzima, wale bakteria ndani ya pipa hukosa hewa, hufa, na maji yaliyofungiwa humo huwa mabaya. Kabla ya kuwasha pampu tena, fungueni koki maji ya pipa yamwagike mchangani au kwenye migomba. Mkiyarudisha kidimbwini, mtakuwa mmewanywesha samaki sumu ya usiku kucha.

Sasa turudi kwenye ile rangi ya kijani. Hiyo ni mwani, mimea midogo mno inayoelea, na chakula chake ni jua pamoja na nitreti. Chujio letu haliuondoi wenyewe, kwa maana linatengeneza hiyo nitreti. Dawa yake ni kivuli na mimea mikubwa ya kushindana nao. Mayungiyungi yakifunika nusu ya uso wa maji hadi theluthi mbili, mwani hukosa jua. Majimbi yakipandwa pembeni, mizizi yake ikiwa majini, hula nitreti kwa pupa, nayo ni kitoweo. Gugu maji likwepeni. Limeusumbua Ziwa Victoria miaka mingi, na likitoka uani halirudi. Mkiwaona samaki wakihema juu ya maji alfajiri, jueni hewa imepungua, kwani usiku mwani nao hupumua hewa ile ile. Punguzeni chakula na mhakikishe maji yanaanguka vizuri.

Kina mama, tuna maneno mawili mazito kuliko yote tuliyotangulia kuyasema. La kwanza ni watoto. Mtoto anayejifunza kutembea aweza kuzama katika maji yasiyofika goti la mtu mzima, tena kimya, bila kupiga kelele. Kidimbwi chenye nyumba ya watoto wadogo kifunikwe kwa wavu wa nondo uliofungwa imara juu ya uso wa maji, unaoweza kumbeba mtoto asizame. Hili lifanywe kabla ya samaki wa kwanza kutiwa. Pamoja na hilo, umeme. Waya wa pampu upitishwe na fundi wa stima, kwenye soketi iliyo juu na isiyofikiwa na mvua, yenye swichi ya kukata umeme wenyewe kukitokea hitilafu. Hakuna mkono kuingia majini kabla ya plagi kuchomolewa.

La pili ni mbu. Chikungunya iliingia Lamu mwaka 2004, na Mombasa imepata homa ya dengue zaidi ya mara moja, ukiwemo mwaka 2013 na 2017. Mbu wa maradhi haya hapendi mitaro michafu; ataga mayai katika maji yaliyotulia ya majumbani, na kutoka yai hadi mbu mwenye mbawa yaweza kuwa wiki moja hadi siku kumi. Kidimbwi chenye samaki na maji yanayotembea si makao yake. Lakini kidimbwi kilichoachwa baada ya samaki kufa, pampu imezimwa, na hakuna anayekitazama, ni hatari kwa mtaa mzima. Asiyeweza kukihudumia na akifukie, apande maua.

Huenda mtu akauliza: je, maji haya yafaa kutawadhia? Mnajua kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafi, maji yaliyofikia kullatayn, ambayo wengi huyakadiria kwa lita zinazokaribia 200 au kuzidi kidogo, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi. Na mabadiliko yatokanayo na mwani na udongo wa mahali penyewe hayayaondolei maji utohara wake. Hata hivyo, maadamu mfereji upo, tawadhieni ya mfereji, na ya samaki waachieni samaki. Kunywa ndiyo kabisa yasinywewe. Tumeitaja mas'ala hii kwa sababu yatuonyesha jambo. Macho, ulimi na pua ndivyo vipimo vya tohara, na vyatosha kwa ibada. Kwa uhai wa samaki havitoshi, kwa kuwa sumu yake haionekani wala hainusiki. Ndiyo maana twasema kwamba maji maangavu si lazima yawe maji mazima.

Na yale maji mnayoyatoa kila wiki, lita 200 kwa kidimbwi tulichokitolea mfano, yana mbolea ndani yake. Yapelekeni kwenye mchicha, mipapai na mlangilangi. Katika mji ambao wengine hununua maji kwa mtungi, kumwaga kidimbwi kizima mtaroni mara mbili kwa mwezi ni israfu, na dada yetu atakapoacha kufanya hivyo, maji yake yatapungua matumizi na samaki wake watazidi umri.

Kwa hiyo, dada, usimwage tena. Kidimbwi kilivyo sasa, kijani chake na utando wake, ndicho cha kuanzia. Jenga pipa, washa pampu, hesabu wiki sita, na uwaambie watoto kwamba ndani ya pipa lile kuna wafanyakazi wasioonekana wanaohitaji kuachwa wafanye kazi yao.